Usisugue, Mama Lubasha

Hosiana alikuwa ameshaamua, na Hosiana akishaamua jambo, hata wazee wa kanisa walijua kwamba kumbembeleza ni kupoteza muda. Minza angerudi kwao Magu. Mkwe huyo alikuwa na miaka mitano katika boma lao hapa Nkowe, ameshika mimba tatu, mtoto hata mmoja hakuna, na sasa limeongezeka hili la kaswende. Kaswende! Hosiana alikuwa halitamki neno hilo, alikuwa analitema.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mimba ya tatu ilifika mwezi wa sita, watu wakaanza kupumua, kisha mtoto akafia tumboni. Lubasha, mwanawe Hosiana, akampeleka mkewe kwenye maabara moja mjini, wapimwe wote wawili kila kitu. Majibu yakatoka: mume hana neno, mke ana kaswende. Minza akachomwa sindano za kutosha, akarudi baada ya miezi kadhaa kupimwa tena, bado ipo. Sasa mume hana, mke anayo, na dawa haiondoi. Ameitoa wapi? Hosiana hakuhitaji kwenda shule kulijibu swali hilo.

Angekaa na jibu lake moyoni ingekuwa nafuu. Wapi! Alilipeleka kwenye foleni ya pampu ya maji, akaliweka mbele ya wanawake kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe. Hata Mwanaima alilipata, jirani yao mwenye shamba la mikorosho, ambaye hawakuwa wakisalimiana tangu ng'ombe wa Hosiana walipoingia kwenye ufuta wake. Mwanaima alisimama na ndoo yake, akasikia yote, akajitwika, akaondoka.

"Huyu ni wa kurudishwa," Hosiana alimwambia mwanawe jioni moja, Lubasha akiwa anasuka kamba ya kufungia ndama. "Ng'ombe akitupa ndama mara mbili sisi hatusubiri ya tatu. Tunampeleka mnadani."

"Mayu," Lubasha akamwita mama yake kwa lugha ya kwao, "Minza si ng'ombe."

"Angekuwa ng'ombe ningekuwa nimejua la kufanya mapema!"

Minza alikuwa jikoni na alikuwa amesikia. Akatoka, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake kama walivyolelewa huko kwao, akainamisha kichwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa maneno, asiyejua kujitetea, na Hosiana alikuwa ameuchukua upole huo kuwa ni hatia.

"Mayu, nitaondoka," alisema. "Sitakusumbua. Ila naomba nipimwe mara moja tena, hospitali, na wewe uwepo. Usikie kwa masikio yako. Wakisema ninayo, kanga zangu nitazifunga mwenyewe, na mwanao sitamtafuta tena."

Hosiana alimtazama muda mrefu. Mtu mwenye hatia haombi shahidi, hilo lilimpita kichwani, akalifukuza. Lakini kusikia kwa masikio yake mwenyewe alikupenda, kwa hiyo akakubali. Wiki hiyohiyo wakaenda Nachingwea.

Daktari waliyempata aliitwa Koleta, binti wa Masasi, mfupi, mwenye miwani, aliyemwamkia Hosiana shikamoo kabla hajakaa kwenye kiti chake. Hosiana akaitikia kwa kujilazimisha. Alikuwa ametegemea mwanaume mwenye mvi. Minza akatobolewa kidole, wakasubiri, kisha daktari akarudi.

"Hana kaswende," akasema. "Na kwa kipimo hiki, hajawahi kuwa nayo maishani."

"Subiri kwanza," Hosiana akadakia. "Kule mjini wamesema anayo, mara mbili. Hapa mnasema hana. Damu ni hiyohiyo moja. Nani muongo?"

"Hakuna muongo, mama. Kipimo cha kule hakimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani wale askari ambao mwili unawatengeneza wapigane na maradhi. Wanachanganya damu na mafuta ya aina fulani. Kingamwili zikiyang'ang'ania yale mafuta, kipimo kinasema kaswende, na mara nyingi ndiyo. Lakini kuna watu wachache ambao kingamwili zao zinayang'ang'ania mafuta hayo bila kaswende yoyote. Zimejizukia tu mwilini." Akamgeukia Minza. "Dada, hebu niambie habari za hizo mimba."

Minza akaeleza. Ya kwanza ilitoka changa, ya pili vilevile. Ya tatu alianza kuisikia ikicheza, hasa usiku akilala ubavu wa kushoto. Alikuwa ameshaizoea. Siku moja akawa anasubiri icheze, akasubiri mpaka kukakucha, haikucheza. Alieleza bila machozi, akitazama sakafu. Hosiana akagundua kwamba habari hii ilikuwa imetokea katika boma lake, chini ya bati lake, na yeye hakuwahi kuiuliza. Akajisikia vibaya, na kwa kuwa hakuzoea kujisikia vibaya, akakohoa.

"Nyumbani mna mbwa, mama?" daktari akamuuliza.

"Boma bila mbwa ni boma gani?"

"Kazi yake nini?"

"Fisi. Wezi. Anabweka, watu wanaamka."

"Na akianza kumrukia ndama wenu wenyewe?"

Hosiana akacheka bila kupenda. "Tulikuwa naye wa hivyo! Alimvunja ndama mguu. Tulimmaliza kwa rungu."

"Basi kingamwili za Minza zimekuwa mbwa wa namna hiyo. Yale mafuta yanayofanana na ya kipimo yamo kwenye kuta za mishipa yake mwenyewe, yamo kwenye kondo la nyuma linalomlisha mtoto. Zinayarukia, zinabweka, na damu ikisikia kelele inadhani kuna jeraha. Inaganda."

"Inaganda kama maziwa kwenye kibuyu?"

"Hivyohivyo. Kwenye vile vimishipa vidogo vya kondo. Mtoto hapati chakula wala hewa."

Hosiana akamtazama mkwe wake tumboni, palipokuwa bapa, kama ndiyo kwanza anapaona.

"Sasa rungu liko wapi?" akauliza.

"Rungu hatuna. Mbwa huyu hauawi, anafungwa kamba. Kamba yenyewe ni aspirini ndogo, na akishashika mimba tunaongeza sindano ya heparini chini ya ngozi ya tumbo, kila siku, mpaka baada ya kujifungua. Si wote wanaofanikiwa, sitakudanganya. Lakini wengi wanapata watoto wao."

Damu ya Minza ikapelekwa Dar es Salaam. Ikapelekwa tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu, alivyosema daktari, kingamwili hizi wakati mwingine huja na homa na kuondoka nayo, kwa hiyo hazihukumiwi kwa mara moja. Hosiana hiyo aliipata sawasawa: hata kingamwili zilipewa nafasi ya pili kabla ya kuhukumiwa. Majibu yote mawili yakafanana. Ugonjwa una jina refu, antifosfolipidi, jina ambalo ulimi wa Hosiana ulilikataa kabisa. Yeye aliuita ugonjwa wa mbwa.

Habari ya kurudi Magu ikafa. Aliyepelekwa mnadani mwishowe alikuwa fahali mmoja, Lubasha akamuuza kwa ajili ya dawa na Hosiana hakunung'unika. Lakini kuna jambo moja hakulifanya. Pale kwenye pampu ya maji hakusema kitu. Ule uongo aliutangaza kwa sauti ya kuitia ng'ombe, ukweli akaumeza kimyakimya. Kila akienda kuchota maji alijiambia leo nasema, na kila siku aliona foleni ni ndefu, au fupi, au ina watu ambao hawahusiki. Aibu ina visingizio vingi, jamani. Watu wakaendelea kumpisha Minza njiani kana kwamba ananuka.

Mimba ya nne ikaingia. Daktari Koleta akawaita wafundishwe kuchoma sindano. Lubasha akaenda, akajifunza kwa makini akitokwa jasho. Hosiana akakataa.

"Nifundishwe sindano? Mimi? Nimechoma ng'ombe kabla huyo daktari hajazaliwa. Nimechoma fahali wanaopiga teke."

Na kweli, mkono wake haukuwa na mfano. Tangu mumewe afariki ni yeye aliyewachanja ng'ombe, aliyewatibu homa ya ndigana, aliyewazalisha. Kwa hiyo kiangazi kilipokaza na majani yakaisha, Lubasha akalazimika kushuka na mifugo bonde la Mbwemkuru kutafuta maji, sindano za Minza zikabaki kwa Hosiana. Mimba ilikuwa inakaribia miezi sita. Wote wawili walijua mwezi huo una nini, na hakuna aliyeutaja.

Asubuhi ya kwanza Hosiana akachoma vizuri tu. Minza akamwonyesha pa kubana ngozi, sindano ikaingia, dawa ikaisha. Kisha Hosiana akafanya kile ambacho mfugaji yeyote anafanya bila hata kuwaza. Ukishamchoma ng'ombe unapasugua kwa nguvu, dawa isikae fundo, itawanyike mwilini. Akaweka kiganja juu ya tumbo la mkwe wake, akasugua. Akasugua hasa, kwa upendo.

"Lubasha hakuwa anasugua, mayu," Minza akasema taratibu.

"Lubasha mvivu tangu utoto."

Kesho yake pale pakawa pa bluu. Hosiana akaona damu imesimama chini ya ngozi, akafikiri: inahitaji kutawanywa. Akachoma upande wa pili, akasugua kote kuwili. Bluu ikawa nyeusi, ikatambaa. Kadiri ilivyotambaa ndivyo alivyosugua, akipaka na siagi. Baada ya muda tumbo lote chini ya kitovu likawa na mabaka meusi yenye kingo za njano, na Hosiana, ambaye hakuwahi kuogopa chui, akaogopa.

"Dawa hii inaozesha damu," akasema asubuhi moja. Akairudisha sindano kwenye boksi. "Tunaiacha."

"Mayu, daktari alisema isikatwe hata siku moja."

"Daktari yuko Nachingwea. Mimi niko hapa, naona kwa macho yangu."

Minza alikuwa na namba ya daktari kwenye simu yake. Lakini kumpigia bila mama mkwe kujua, na mume yuko bondeni kusikofika mtandao, hilo hakulelewa nalo. Akafunga kanga yake, akaenda kuosha vyombo. Hosiana usiku hakulala vizuri, akajiambia ni joto.

Siku chache zikapita hivyo. Asubuhi moja Hosiana alikuwa uani anatikisa kibuyu cha maziwa, akasikia mtu anakuja kwa kishindo.

"Mama Lubasha! Toka nje!"

Alikuwa Mwanaima, amesimama kwenye lango la miiba, ndoo tupu mkononi, mtandio umeangukia bega moja. Nyuma yake alikuwa Minza, anahema, ameshika tumbo.

"Umekuja kudai ufuta tena?" Hosiana akauliza bila kuinuka.

"Ufuta wangu ng'ombe wako walishaula wakaunya, hayo yamekwisha! Nimekuja kwa ajili ya huyu mtoto wa watu. Ameinama kwenye pampu, upepo ukafunua kanga, nikaona. Tumbo jeusi, wallahi, jeusi tii, kutoka hapa mpaka hapa! Mlisema mtamrudisha kwao. Basi mrudisheni akiwa hai! Mnampiga mjamzito mpaka aitoe, kisa kaswende? Naenda kwa mwenyekiti wa kitongoji sasa hivi, na kama amelala namwamsha."

"Nani kampiga?" Hosiana akasimama, kibuyu kikamponyoka. "Koma! Hakuna aliyempiga! Ni dawa!"

"Dawa gani inampiga mtu ngumi?"

"Sindano! Ya kumshika mtoto asitoke! Nilikuwa namchoma mimi mwenyewe, kila asubuhi, vizuri kabisa, na ilipoanza kumharibu hivyo nikaiacha!"

Mwanaima alikuwa amefungua kinywa kutoa lingine. Akakifunga. Hakuwa anajua chochote kuhusu kingamwili wala heparini, lakini alikuwa amezaa watoto wanne na kuzika mmoja.

"Umeiacha," akasema polepole. "Dawa ya kumshika mtoto asitoke. Umeiacha."

Hapo Minza akasema. Hakupiga magoti. "Mayu, tangu jana mchana mtoto hachezi vizuri. Anacheza kidogo, halafu ananyamaza."

Hosiana akamsogelea. "Mbona hukusema?"

"Ungenijibu nini, mayu?"

Swali halikuwa la ujeuri. Minza aliuliza kwa sauti ileile ya upole, akitaka kweli kujua, na ndiyo maana lilimchoma Hosiana kuliko matusi yote ya Mwanaima. Kwa sababu jibu alilijua. Angemwambia anyamaze. Angemwambia yeye anaona kwa macho yake. Miaka mitano alikuwa anaona kwa macho yake.

"Nimeogopa," Hosiana akasema. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. "Niliona damu, nikaogopa. Piga simu, mwanangu. Mpigie daktari, mwambie ni mimi niliyeiacha."

Daktari Koleta alipokea haraka. Mchomeni sasa hivi, akasema, msisugue, kisha mje, msisubiri kesho. Sindano ikachomwa. Mwanaima hakuuliza kama anatakiwa. Akampigia mwanawe Jamali, ambaye alikuwa anapakia korosho kwenye kirikuu, kigari chake cha mizigo, kuzipeleka ghalani, akamwambia ashushe magunia upesi. Korosho zake mwenyewe zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka uani. Akaziacha hapohapo, mbuzi wakitaka na wale.

Minza akapanda mbele na Jamali. Wanawake wawili wakakaa nyuma, juu ya magunia matupu, vumbi jekundu likiwaingia mpaka menoni.

"Na ile kaswende?" Mwanaima akauliza mwishowe.

"Hana. Hakuwahi kuwa nayo. Kipimo kilizishika kingamwili zake kikadhani ndiyo. Ni hizohizo zinazoua watoto."

"Umejua lini?"

"Kabla ya mimba hii."

Mwanaima akageuza shingo akamtazama vizuri. "Astaghfirullah. Mbona hukutuambia?"

"Nilikuwa na aibu."

"Aibu ilikuwa yako," Mwanaima akasema. "Aliyeibeba ni nani?"

Hosiana akageukia mbele. Alitazama kupitia kidirisha cha nyuma ya dereva, akaona kisogo cha Minza kikirukaruka na mashimo ya barabara, ameshika tumbo kwa mikono miwili ili lisitikisike. Akaomba. Alikuwa mtu wa kuomba kwa sauti kanisani, kwa maneno marefu, lakini safari hii aliomba neno moja tu, acheze, acheze, acheze, mpaka Nachingwea.

Daktari Koleta alikuwa anawasubiri mlangoni. Minza akalazwa kitandani, akapakwa kitu cha kuteleza tumboni, na kile kifaa cha kusikilizia kikaanza kutembea juu ya mabaka meusi. Kelele za upepo. Kelele za tumbo. Hosiana alisimama pembeni, amejishika mikono. Kifaa kikahama kushoto, kikasimama. Kisha chumba kizima kikasikia: moyo, mwepesi, wa haraka, kama ndama anayekimbilia maziwa.

"Huyu hapa," daktari akasema. "Mapigo mazuri. Tutawalaza siku kadhaa, tumwangalie ukuaji wake, tupime na damu. Lakini yupo."

Mwanaima akasema alhamdulillahi na kukaa chini palepale sakafuni. Hosiana akalia. Alilia kwa kelele, kamasi na yote, hata muuguzi wa chumba cha pili akaja kuchungulia nani amefiwa. Alipoweza kusema alisogea mpaka kitandani, akainama, yeye mama mkwe, mpaka kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha mkwe wake.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikusema vibaya mbele za watu, na ukweli nilipoujua nikauficha. Nitausema palepale pampuni. Nitausema kwa sauti ileile."

Minza hakukimbilia kusema amesamehe. Alisikiliza kwanza moyo uliokuwa bado unapiga ndani ya kile kifaa. "Sema, mayu," akajibu. "Nimechoka watu kunipisha njiani." Kisha akauliza, "Na sindano?"

Hosiana akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamgeukia yule binti wa Masasi mwenye miwani.

"Nifundishe," akasema.

Akafundishwa. Yale mabaka, daktari alieleza, hayakuwa kuoza. Dawa inazuia damu kuganda, sasa ukipasugua pale unapasua vimishipa vidogo na damu inavujia chini ya ngozi. Ng'ombe anasuguliwa. Huyu hasuguliwi. Asubuhi yake Hosiana akachoma mbele ya daktari: akabana ngozi, akaingiza sindano wima, akasukuma dawa taratibu, akaitoa. Safi kabisa. Kisha mkono wake, wenyewe tu, bila kuambiwa, ukaanza kwenda.

"Usisugue, mama Lubasha," daktari akasema, na Mwanaima, aliyekuwa amekataa kurudi nyumbani, akaupiga kofi ule mkono ukarudi ulikotoka. Minza akacheka. Hosiana hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia mkwe wake akicheka.

Waliporudi Nkowe, Hosiana aliitimiza ahadi yake. Alisimama kwenye foleni ya pampu asubuhi watu walipokuwa wengi, akasema kwamba Minza hana kaswende na hakuwahi kuwa nayo, kwamba aliyesema hivyo alikosea, na kwamba aliyesema ni yeye Hosiana. Watu wakaitikia aah, kumbe, wakaendelea na ndoo zao. Habari njema haina wanunuzi kama ile mbaya, aliligundua hilo papo hapo na lilimuuma. Lakini Mwanaima alikuwa upande wake sasa, na Mwanaima alikuwa na ndugu Likunja, Mandawa na mpaka Ruangwa mjini. Hazikupita wiki nyingi, wanawake wakaanza kumsimamisha Minza njiani kumuuliza hali ya tumbo.

Kila asubuhi Mwanaima alifika bomani, akakaa kwenye kigoda. "Nimekuja kulinda mkono," alikuwa anasema. Mabaka yakafifia. Mwezi wa sita wa mimba ukaisha, hakuna aliyepiga vigelegele, waliogopa hata kutazamana. Lubasha akarudi kutoka bondeni mvua zilipoanza, akamkuta mama yake anaongea na tumbo la mkewe kila jioni, akilihimiza likae, likae kwanza, hakuna haraka.

Mtoto alizaliwa Nachingwea kabla kidogo ya siku zake, kwa sababu daktari hakutaka kumsubirisha zaidi. Alikuwa wa kike, mdogo, mwenye hasira, na alilia kabla hajafutwa. Lubasha alitoka nje akaegemea ukuta, mwanaume mzima, akalia naye. Mwanaima alipigiwa simu akapiga vigelegele mpaka mitandao miwili ya simu ikachoka.

Kamba ya mbwa haikufunguliwa siku hiyo, la hasha. Daktari alisema sindano ziendelee kwa wiki kadhaa, kwani baada ya kujifungua ndipo damu inapopenda kuganda kuliko wakati mwingine wote. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza kurudi bomani, mvua ikipiga bati, Hosiana aliosha mikono yake, akafungua sindano, akapiga magoti kando ya kitanda. Mwanaima alikuwa amechelewa kwa sababu ya matope. Hakukuwa na wa kulinda mkono.

Akabana ngozi. Akachoma, akasukuma taratibu, akatoa. Kisha mkono ukawasha. Miaka yote ya ng'ombe ilikuwa imo ndani ya kiganja hicho, inataka kusugua, dawa itawanyike, mtu apone. Hosiana akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubana kifuani, akakaa hivyo amefumba macho.

Minza alimtazama. Akajiinua kwa kiwiko, akamfunua mtoto aliyelala ubavuni mwake, upande wa kushoto, akamwinua na kumweka kwenye mikono ile miwili iliyokuwa inashikana.

"Shika huyu, mayu," akasema. "Mikono ipate kazi."